Maswali ya Wasomaji: Mkono Uliofungwa Plasta na Ubongo Unaouongoza

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu kutoka kisiwa cha Lamu, tatu zinahusu jambo moja, nalo ni mkono ulioumia, ukafungwa, kisha ukakataa kutii kama zamani. Nimezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa pia mwenzake, na kwa sababu jambo lenyewe ni nadra kuelezwa vya kutosha siku mgonjwa anapofunguliwa plasta na kuambiwa aende nyumbani.

Mfupa umeunga, lakini nyundo inakosea

*Assalamu alaykum. Mimi ni fundi wa nakshi, nachonga milango na masanduku hapa Langoni. Niliteleza kwenye ngazi za gati nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, nikafungwa plasta kwa wiki sita. Sasa imeondolewa, eksirei inaonyesha mfupa umeunga sawasawa, na daktari ameniruhusu kurudi kazini. Hata hivyo nyundo inaangukia pembeni mwa mpini wa patasi, kalamu inanitoroka ninapochora ua la mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, na mara nyingi najikuta nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto bila kukusudia. Wengine wananiambia mkono umeshakufa, niuache upumzike. Ikiwa mfupa umepona, kinachonisumbua ni nini?*
*Fundi wa nakshi, Langoni*

Wa alaykumu salaam, fundi. Mkono wako haukufa, na ushauri wa kuuacha upumzike naupinga kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulihitaji kutulia wiki sita ili uunge, lakini ubongo haukuhitaji utulivu huo, na sasa unadai kazi.

Ni kweli kwamba sehemu ya tatizo imo mkononi penyewe: misuli isiyotumika hukonda, kifundo hukakamaa, na kano huteleza kwa shida ndani ya ala zake. Hayo lakini hayatoshi kueleza kwa nini nyundo inakosea shabaha, kwa kuwa mkono dhaifu unaweza kupiga kwa nguvu ndogo na bado ukapiga mahali pake. Kulenga ni kazi ya ubongo. Amri ya kuusogeza mkono wa kulia hutoka upande wa kushoto wa ubongo, katika ukanda mwembamba wa gamba la nje unaoshuka kutoka utosini kuelekea sikioni, ikapita katika uti wa mgongo na kuifikia misuli kwa njia ya neva. Daktari mpasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi mjini Montreal nchini Kanada, aliugusa ukanda huo kwa umeme hafifu huku wagonjwa wake wakiwa macho, jambo linalowezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu, akatazama ni kiungo gani kinachotikisika. Mwaka 1937 yeye na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha waliyoyaona, na tangu hapo inajulikana kwamba mkono na uso vimepewa eneo kubwa mno kuliko kiwiliwili, kwa sababu eneo hugawiwa kwa kadiri ya wepesi na usahihi wa mwendo, wala halifuati ukubwa wa kiungo.

Penfield hakutueleza, hata hivyo, kwamba mipaka ya eneo hilo husogea kufuatana na matumizi. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani waliwapima watu waliokuwa wamefungwa kifundo cha mguu bila neva yoyote kuumia, wakaona kwamba eneo la ubongo linaloamrisha msuli wa mbele ya muundi limepungua, na limepungua zaidi kwa wale waliofungwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2012 ukatoka uchunguzi wa Zurich, Uswisi, unaolingana na hali yako karibu kabisa: watu 10 wanaotumia mkono wa kulia, waliofungwa mkono huohuo kwa siku zisizopungua 14 baada ya kuumia, walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya sumaku mwanzoni na tena baadaye. Gamba la upande wa kushoto, lile linaloongoza mkono wa kulia, lilikuwa limepungua unene, na la upande wa kulia lilikuwa limeongezeka, huku mkono wao wa kushoto ukizidi kuwa hodari. Kikombe unachokishika kwa kushoto bila kukusudia ni alama ya mabadiliko hayo. Mkono wa kushoto ulijifunza kazi za mwenzake alipokuwa kifungoni, na sasa ndio unaowahi kuitika.

Kinachonishangaza zaidi, na ambacho ningependa kila anayefunga plasta akijue, ni upesi wa mambo haya. Mwaka 2020 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya watu watatu wazima wa afya, mmoja wao akiwa daktari aliyeuongoza uchunguzi, Nico Dosenbach, waliokubali kufungwa plasta mkono wao wenye nguvu kwa wiki mbili na kupigwa picha za ubongo kila siku. Katika muda wa saa 48 tu, eneo la ubongo la mkono uliofungwa lilikuwa limeanza kuachana na maeneo mengine ya mwendo ambayo kwa kawaida hushirikiana nalo. Lakini eneo hilo halikunyamaza: lilianza kutoa mipigo mikali ya umeme yenyewe, bila mkono kutembea, na watafiti hao waliona kwamba huenda mipigo hiyo ndiyo inayolinda njia za mkono zisipotee kabisa wakati hazitumiki. Plasta ilipotolewa na mkono ukaanza kutumika, ushirikiano ule ulirudi katika siku chache.

Hisi nazo huathirika, jambo ambalo watu hulisahau kwa kuwa macho hayalioni. Mjini Bochum, Ujerumani, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba vidole vya mkono uliofungwa hupungukiwa na wepesi wa kutambua kwa kugusa, na eneo lake katika ubongo husinyaa. Wiki mbili au tatu baada ya kufunguliwa, hali hurekebika. Kwa mchongaji hili ni zito. Wewe huutambui mshipa wa mbao ya bambakofi kwa macho pekee, unautambua kwa jinsi patasi inavyotetemeka mkononi, na mtetemeko huo ndio unaouambia ubongo upunguze nguvu kabla ua halijavunjika ncha.

Sasa nieleze kwa nini nyundo inakosea. Mwendo wa nyundo ni wa haraka kuliko habari inayopanda kutoka mkononi hadi ubongoni na kushuka tena, kwa hiyo ubongo hauwezi kungoja uone pigo linapoelekea ndipo ulirekebishe. Hukadiria mapema: mkono huu una uzito huu, misuli hii huvuta kwa nguvu hii, kifundo hiki hupinda mpaka hapa. Makadirio yako ni ya mkono wa kabla ya kuanguka. Wewe ni kama nahodha aliyekaa nchi kavu msimu mzima kisha akarudi kupita mkondo wa bahari wa Mkanda: njia anaijua, lakini mafungu ya mchanga yamehama. Ujuzi wako haukupotea. Kinachohitajika ni kuupima upya juu ya mkono ulio nao leo, na ubongo hupima kwa njia moja tu, yaani kujaribu, kuona kosa, na kusahihisha.

Ndiyo maana sipendi kumwona mgonjwa anapewa mpira wa kuminya na kuachwa. Kuminya huongeza nguvu ya kushika, na nguvu hiyo unaihitaji, lakini hakumfundishi mtu kulenga. Chukua kipande cha mbao kisicho na thamani, uchore duara pana kama kikombe, uweke patasi kando, upige nyundo polepole ndani ya duara hilo na kutazama kila pigo limeangukia wapi. Mapigo yakishaacha kutoka nje, lichore dogo zaidi. Chora maua ya nakshi kwa kalamu kwanza, makubwa kisha madogo, na ukimaliza yalinganishe na ya zamani. Fanya kidogo mara nyingi kwa siku, uache kabla kifundo hakijavimba, na usidharau usingizi, kwa kuwa mafunzo ya mkono huendelea kujengeka ubongoni tunapolala. Nyumbani, finyanga tonge la wali kwa vidole vya kulia badala ya kuchukua kijiko, na tasbihi ihesabu kwa mkono huohuo. Kila mara unapoukuta mkono wa kushoto umewahi, rudisha kitu chini ukakichukue kwa wa kulia. Wepesi hutangulia kurudi. Nguvu kamili za kushika huchukua miezi, na hilo lisikuvunje moyo.

Jambo moja tu lingenifanya nikuambie usimame na uende hospitali upesi. Wapo wachache ambao baada ya kuvunjika kifundo hupatwa na maumivu ya kuunguza yanayozidi jeraha lenyewe, mkono ukavimba, ukabadilika rangi au joto au jasho, hata ncha ya shuka ikauma. Daktari Silas Weir Mitchell aliandika juu ya maumivu ya kuunguza ya namna hiyo mwaka 1864, kwa askari waliopigwa risasi katika neva kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Leo tunajua kwamba wagonjwa hao huchelewa hata kutambua kama picha ya mkono wanayoonyeshwa ni ya kulia au ya kushoto, ishara kwamba taswira ya mkono imevurugika ubongoni. Matibabu hufuata hatua: kutambua picha, kisha kuwaza mwendo, kisha kuutazama mkono mzima kwenye kioo huku ule mgonjwa umefichwa nyuma yake. Usiyajaribu peke yako. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia mapema.

Je, ningoje tu mpaka plasta iondolewe?

*Salaam. Nashona kofia kwa mkono, na sindano ndiyo chakula cha wanangu. Nimevunjika mkono wa kulia karibu na kifundo na nimebakiza wiki tatu za plasta. Vidole viko nje. Je, nikae nisubiri? Na nikijaribu kushona kwa kushoto nitaudhuru wa kulia?*
*Mshona kofia, Shela*

Usisubiri, dada yangu. Ubongo huanza kubadilika tangu siku ya kwanza: mwaka 2006 ilichapishwa habari ya watu waliofungwa mkono kwa saa 12 tu, na usiku ule ule mawimbi ya usingizi mzito yalikuwa yamepungua katika eneo la ubongo linaloongoza mkono huo, na mwendo wao wa kuufikisha mkono kwenye shabaha ulikuwa umeharibika. Wiki tatu ulizobakiza ni muda mrefu wa kuweza kufanya mengi.

Kama aliyekufunga hakukukataza, vitembeze vidole vyote, kila kimoja peke yake, uvikunje mpaka kiganjani na kuvinyoosha, mara kadhaa kwa kila saa ya mchana. Gusanisha gumba na ncha ya kila kidole kana kwamba unaivuta sindano. Bega na kiwiko navyo visisahauliwe.

Cha pili ni kuwaza, na nakuomba usikidharau kwa sababu hakigharimu kitu. Mtu anapowaza kwa makini kwamba anakaza mkono wake, sehemu kubwa ya njia zilezile za ubongo huamka ingawa msuli hautikisiki. Katika chuo kikuu cha Ohio, Marekani, mwaka 2014, watu waliofungwa kifundo cha mkono kwa wiki nne walipoteza karibu asilimia 45 ya nguvu, na wenzao waliofungwa vivyo hivyo lakini wakafanya zoezi la kuwaza wanakaza mkono siku tano kwa wiki walipoteza karibu asilimia 24. Kwako wewe zoezi ni dhahiri: keti mahali tulivu, weka kofia iliyokwisha kutobolewa mbele yako, fumba macho, uipitishe sindano tundu kwa tundu, ukihisi uzi unavyokazika. Wazia ukiwa ndani ya mkono wako, usiwe kama mtu anayemtazama mwingine akishona.

Ama mkono wa kushoto, utumie bila hofu. Tangu mwaka 1894, katika maabara ya chuo kikuu cha Yale, imejulikana kwamba kuuzoeza mkono mmoja huongeza nguvu za mwingine ambao haukufanya zoezi, kwa kuwa pande mbili za ubongo hupashana habari. Kwa hiyo kuminya na kukaza kwa kushoto kunaulinda wa kulia. Sharti langu ni hili: siku plasta inapotoka, sindano irudi kulia siku hiyohiyo, hata kama mshono ni mbovu na utaufumua. Daktari Edward Taub wa Alabama, Marekani, alionyesha kwamba kiungo kilichokuwa kikishindwa kwa muda huweza kuendelea kuachwa hata baada ya kuweza, kwa sababu mwenye nacho amezoea kufanya bila hicho. Kazi yake iliwafaa hasa waliopatwa na kiharusi, na si lazima wewe ufungwe mkono wa kushoto kama wanavyofungwa wao, lakini mazoea hayo ya kuacha nimeyaona kwa waliovunjika vilevile.

Nawaomba wote mnaofungwa, iwe plasta ya hospitali au mabanzi ya mganga wa mifupa, mfahamu hatari hii isiyosubiri mazungumzo ya ubongo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, na hasa yakiwa makali mtu anaponyoosha vidole vyako, au vidole vikiwa vya baridi, vyeupe, au vimekufa ganzi, kilichofungwa kinabana na damu haipiti. Misuli iliyokosa damu kwa saa chache hufa, na mkono hujikunja kama kucha ya ndege, hali ambayo daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliieleza mwaka 1881. Mkono wa namna hiyo hakuna zoezi la kuwaza litakaloufungua. Nenda ukafunguliwe usiku huohuo, hata kama ni kwa boti.

Nikiguswa gumba nahisi kidole cha kati

*Bwana mhariri, mimi ni mvuvi wa Matondoni. Kisu kiliniteleza nikipasua samaki kikanikata kifundo cha mkono upande wa kiganja, na neva ikashonwa. Sasa ni mwezi wa nane. Hisia zimeanza kurudi, lakini nikiguswa gumba nahisi kama ni kidole cha kati, na fundo la mshipi silijui mpaka nilitazame. Je, ilishonwa vibaya?*
*Mvuvi, Matondoni*

Kaka yangu, unayoyaeleza hutokea hata kwa neva iliyoshonwa vizuri kabisa. Neva iliyokatwa huota upya kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, na kutoka kifundo hadi ncha ya kidole ni takriban sentimita 18 au 20, kwa hiyo miezi unayoitaja inaendana na safari hiyo. Tatizo ni kwamba ndani ya neva moja mna maelfu ya nyuzi, na mpasuaji hawezi kuunganisha kila uzi na mwenzake wa awali. Uzi uliokuwa wa gumba huenda ukafika kidole cha kati. Habari zinapopanda, ubongo huzisoma kwa anwani za zamani, na hapo ndipo unapohisi mguso mahali pasipo pake.

Tunajua kwamba ubongo unaweza kuzipanga upya anwani hizo. Katika miaka ya 1980 Michael Merzenich na wenzake nchini Marekani walionyesha kwa nyani wadogo kwamba eneo la ubongo la kidole kilichoondolewa halikai tupu, bali vidole jirani hulitwaa. Ubongo wa mtoto hufanya kazi hii vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima, lakini wa mtu mzima nao hujifunza akifundishwa. Göran Lundborg na wenzake wa Malmö, Uswidi, hata walitengeneza glavu yenye vipaza sauti ili mgonjwa asikie mkwaruzo wa kila anachokigusa, na eneo la mkono ubongoni lisikae bila kazi wakati mguso haujarudi.

Wewe huhitaji glavu. Gusa gumba kwa mkono usioumia huku ukilitazama, fumba macho ugusie palepale, kisha fumbua uhakikishe. Ukishazoea, chukua vitu vinavyotofautiana sana, kama kamba ya makumbi, pamba na kombe la baharini, uvitambue ukiwa umefumba macho, na kila unapokosea fumbua, tazama, rudia. Baadaye uingie katika mafundo ya mshipi, nene kwanza, nyembamba mwisho. Dakika chache mara kadhaa kwa siku zinatosha, ila iwe kila siku, na iendelee kwa miezi mingi.

Mpaka hisia zikae mahali pake, macho yafanye kazi ya vidole. Usipime joto la sufuria wala la mashine ya boti kwa mkono huo, shika ndoana kwa mkono mwingine, na kila jioni kagua ngozi ya vidole kama ina malengelenge au vidonda ambavyo hukuvihisi. Ikifika mwaka na gumba bado halijaweza kusimama mbele ya vidole vingine, mwambie aliyekushona akupime tena.